Mwalimu Afundishaye Huku Akifundishwa: Habari za Shule za Hagadera

Msafiri atokaye mji wa Garissa kuelekea mpaka wa Somalia hupita nchi tambarare ya mchanga na vichaka vya miiba, na baada ya mwendo wa kilomita 100 hivi huufikia mji wa Dadaab. Kusini ya mji huo, katika sehemu ya Fafi, ndipo ilipo Hagadera. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 ili kuwapokea watu waliokimbia vita vya Somalia, nayo ilihesabiwa kuwa ni makazi ya muda mfupi tu. Kambi tatu za kwanza za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Mwaka 2011, mvua ilipokosekana na njaa kuingia Somalia, watu waliokuwamo katika kambi zote za huko walizidi 400,000. Miaka zaidi ya 30 imepita, na Hagadera ina soko kubwa, mikokoteni ya punda, misikiti, hospitali, duksi za Kurani, na shule zifuatazo mafunzo yale yale yafuatwayo Nyeri na Mombasa.

Habari za njaa na za vita vya huko zimeandikwa mara nyingi. Habari za mwalimu hazikuandikwa sana, ijapokuwa zastahili kusomwa na kila mzazi na kila karani wa elimu, maana jambo linaloisumbua Hagadera huzisumbua shule nyingi zilizo mbali na miji. Mwalimu ambaye hakupata kwenda chuo cha ualimu, na ambaye hawezi kuliacha darasa lake hata kwa muhula mmoja kwa kuwa hapana wa kushika mahali pake, ataupataje ustadi wa kazi yake? Na akiisha kuupata, shule itauhifadhi vipi siku atakapoondoka?

MWANAFUNZI WA JANA

Aghalabu mwalimu wa shule ya msingi ya Hagadera ni mkimbizi aliyesoma kambini humo humo. Alianza darasa la kwanza akiwa mtoto, akamaliza kidato cha nne, akafanya mtihani wa KCSE, na baada ya miezi michache akasimama na chaki mkononi mbele ya madawati aliyoyakalia yeye mwenyewe. Walimu Wakenya wapo pia, hasa katika shule za sekondari na katika uongozi wa shule, lakini ni wachache kuliko haja yenyewe.

Sababu ya kwanza ni malipo na sheria. Shule za wakimbizi hazikuanzishwa na Serikali. Zimeendeshwa na mashirika yaliyopewa kazi hiyo na UNHCR, ambalo ni Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi: zamani CARE, na baadaye Lutheran World Federation na wengineo kwa shule za msingi, shule za sekondari zimekuwa mikononi mwa Windle kwa miaka mingi. Kwa kuwa mkimbizi hakuwa na ruhusa ya kuajiriwa kama raia, mashirika hayo hayakumlipa mshahara bali posho, nayo ni ndogo sana ikilinganishwa na mshahara wa mwalimu wa Serikali aliye na kazi ile ile. Mwalimu aliyesomea kazi yake Kisii au Thogoto hawezi kuitamani posho hiyo. Mkimbizi aliyemaliza kidato cha nne huipokea, kwa kuwa milango mingine ni michache.

Sababu ya pili ni ya huzuni. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na watu wenye silaha, wakauawa abiria 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa usiku huko Kamuthe, katika kaunti hii ya Garissa. Baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu, yaani TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na shule nyingi za wafugaji zikabaki na mwalimu mmoja au wawili. Hapana awezaye kuwalaumu waliohama. Lakini ilidhihirika kwamba shule ya mkimbizi kambini na shule ya Mkenya kijijini zilikuwa na haja moja: mwalimu mzaliwa wa pale pale, ambaye hofu ya njia haitamfukuza.

DARASANI

Ili kufahamu ni msaada gani unaohitajika, yafaa kutazama kazi yenyewe ilivyo.

Darasa la chini katika kambi huweza kuwa na watoto 100 na zaidi. Baadhi yao hukaa sakafuni. Mtoto wa miaka minane hukaa karibu na msichana wa miaka 13 aliyefika kutoka Somalia mwaka jana bila ya kupata kushika kalamu. Kijana aliyepewa darasa hilo, kama hakufundishwa vingine, hufundisha kama alivyofundishwa yeye: huandika ubaoni, watoto wakanakili, husema, watoto wakaitikia. Sauti ya watoto 100 wakiitikia pamoja ni sauti nzuri, nayo humdanganya mwalimu. Huenda 20 wamefahamu, 30 wanawafuata hao 20, na waliobaki wanafumba na kufumbua midomo. Mwalimu hatalijua hilo mpaka siku ya mtihani, na siku hiyo ni kuchelewa.

Tena kuna jambo la lugha. Nyumbani mtoto husema Kisomali, au Kimaay ikiwa wazazi wake wametoka sehemu za kusini mwa Somalia. Wako pia Waethiopia na watu wa mataifa mengine, wenye lugha zao. Shuleni hukutana na Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Mtoto wa mfugaji ajua vema kugawa maziwa ya ngamia kwa watu wanne, na ajua kwamba robo ni ndogo kuliko nusu. Lakini akiletewa hesabu ya mafungu kwa Kiingereza ataona kwamba ni jambo jipya asilopata kulisikia. Mwalimu stadi huanza na maziwa, tena kwa Kisomali. Watoto wakiisha kuafikiana juu ya maana, huwapa neno la Kiingereza, kisha huliandika ubaoni. Asiye stadi huona haya kutumia Kisomali darasani, akidhani kwamba ni kosa mbele ya wakaguzi. Kumbe taratibu za elimu za Kenya zenyewe zaruhusu lugha ya mahali itumike katika madarasa ya chini. Mwalimu mkimbizi ana faida hapa ambayo mgeni hana, lakini ni sharti aambiwe kwamba ni faida.

Jambo la kupendeza ni kwamba Wasomali humwita mwalimu “macallin”, na neno hilo na neno letu “mwalimu” zimezaliwa na neno moja la Kiarabu. Katika duksi kila mtoto hushika ubao wake, naye husoma sehemu yake peke yake mbele ya maalim. Mtoto aliyekwisha kuhifadhi humsaidia aliye nyuma. Hivyo fikira ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, na ya mkubwa kumwongoza mdogo, si ngeni Hagadera hata kidogo. Ilikuwapo tangu zamani chini ya mti, nayo ilipotea njiani wakati mtoto alipohamia katika darasa la matofali.

MWALIMU AENDAYE KUWASAIDIA WENZIWE

Fikira ya kumpelekea mwalimu mafunzo badala ya kumwita mwalimu chuoni ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ni ya Kenya.

Mwaka 1907 bibi mmoja tajiri wa Philadelphia, Marekani, Anna Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi katika majimbo ya kusini. Mwaka uliofuata Bibi Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa sehemu ya Henrico katika jimbo la Virginia, akawa mwalimu wa kwanza wa kazi hiyo mpya. Hakupewa darasa moja. Alipewa shule zote za watu weusi za sehemu ile, azizungukie, akae na mwalimu wa kila shule na kumsaidia kazi yake: kupanga masomo, kusafisha ua, kufundisha kazi za mikono, kusema na wazazi. Hakuwa mkaguzi wa kuandika makosa katika daftari na kuondoka.

Mpango huo ulipendwa na watu wa elimu wa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1925 shule iliyoitwa Jeanes ilifunguliwa huko Kabete, karibu na Nairobi. Walimu wa Kiafrika walikwenda huko pamoja na wake zao, wakafundishwa, kisha wakarudi wilayani kuzizungukia shule za vijijini. Mwaka 1961 mahali hapo pakageuzwa kuwa chuo cha kufundisha maofisa wa Serikali. Jina la Jeanes likasahauliwa na wengi, lakini kazi yenyewe haikufa. Kenya ikawa na vituo vya ushauri vya walimu katika wilaya, na maofisa wake wakapewa kazi ya kuzizungukia shule. Mwaka 1998 ukaanza mpango wa SMASSE kwa msaada wa Japani, wa kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari wakati wa likizo. Mwaka 2015 ukaja mpango wa Tusome wa kufundisha kusoma katika madarasa ya chini, uliosaidiwa na Marekani na Uingereza. Katika Tusome ofisa alikwenda na tableti, akakaa nyuma ya darasa na kutazama somo tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akawachagua watoto watatu bila ya kupendelea na kuwasikiliza wakisoma. Baadaye alizungumza na mwalimu juu ya yale aliyoyaona. Watoto watatu ni wachache, lakini hawawezi kuitikia kwa pamoja, na hapo ndipo ukweli ulipo.

CHUO KIKUU CHAJA DADAABU

Huko Dadaab kazi ya namna hiyo ilikuwa na kikwazo chake. Mwezi wa Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa shirika la msaada walitekwa nyara kambini, na baadaye mabomu yakategwa njiani. Kwa muda mrefu wageni hawakuweza kuingia kambini ila kwa ulinzi wa polisi, na mara nyingine hawakuingia kabisa. Katika siku hizo kazi ya shule ilibaki mikononi mwa walimu wa kambini wenyewe. Yeyote aliyedhani kwamba walimu hao ni wasaidizi tu alijifunza vinginevyo.

Mwaka 2013 ulianza mpango ujulikanao kwa herufi BHER, yaani elimu ya juu isiyo na mipaka kwa wakimbizi. Chuo Kikuu cha York cha Toronto na Chuo Kikuu cha British Columbia, vyote vya Kanada, viliungana na Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Moi vya Kenya, pamoja na Windle, na Serikali ya Kanada ikatoa fedha. Kituo cha masomo kikawekwa mjini Dadaab, chenye madarasa na kompyuta. Waliokusudiwa kwanza walikuwa walimu wasiosomea kazi yao. Walianza kwa kuimarishwa katika Kiingereza, kompyuta na namna ya kusoma chuoni, kisha wakaingia katika masomo ya ualimu yenyewe. Baadhi ya masomo yalifundishwa na walimu waliokuja Dadaab, na mengine kwa njia ya intaneti.

Mpango huo ulikuwa na busara moja ambayo yafaa kuigwa popote. Masomo yalipangwa kama ngazi, na kila kipandio kilikuwa na cheti chake. Mtu aliyeweza kumaliza kipandio cha kwanza tu, kisha akapata safari ya kwenda nchi nyingine au akazaa mtoto, hakutoka mikono mitupu. Aliyeweza kuendelea alifika stashahada, na wengine wakafika shahada. Katika maisha ya kambi, ambapo mtu hajui mwaka ujao atakuwa wapi, hiyo ni heshima kubwa kwa mwanafunzi.

Tena mwanafunzi huyo alikuwa mwalimu siku zile zile. Aliyosoma juu ya kupima maendeleo ya mtoto aliweza kuyajaribu darasani kabla hajayasahau, na kama hayakufaa kwa watoto 100, alirudi kwa mwalimu wake wa chuo na kumwambia hayafai. Walimu wa vyuo vya Kanada, ambao hawakupata kusimama mbele ya watoto 100, nao walikuwa na la kujifunza.

WATANO CHINI YA KIVULI

Msaada mwingine ulijaribiwa mahali pengine pa Kenya, yaani Kakuma katika Turkana, ambako kuna kambi kubwa ya wakimbizi kama zile za Dadaab. Tangu mwaka 2015 Chuo cha Walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na mashirika ya huko, kilianza kuwafundisha walimu wa kambi hiyo kwa njia tatu pamoja. Kwanza mafunzo ya siku chache juu ya kazi ya mwalimu, malezi ya mtoto, namna ya kufundisha, na mpango wa masomo. Pili vikundi vya walimu wa shule moja au za jirani, wakutanao mara kwa mara na kutazamana wakifundisha. Tatu, kila kikundi kilipewa walimu wazoefu wa mbali, hata wa nchi za nje, ambao walizungumza nao kwa simu ya mkono kwa njia ya WhatsApp.

Kati ya njia hizo tatu, ile ya pili ndiyo yenye gharama ndogo, na ndiyo ambayo shule yoyote yaweza kuianza bila ya kungoja mfadhili. Walimu watano hukaa chini ya kivuli baada ya saa za masomo. Mmoja wao alitazamwa na mwenziwe asubuhi ile. Mtazamaji haruhusiwi kusema, “Somo lilikuwa baya,” wala, “Somo lilikuwa zuri,” maana maneno hayo hayamfundishi mtu kitu. Huuliza: “Maalim, ulipokuwa ukiandika ubaoni, wale wa mstari wa nyuma walikuwa wakifanya nini?” Au: “Uliuliza maswali kumi, ni wasichana wangapi walioyajibu?” Mara nyingi aliyetazamwa hakuwa amejua. Wiki ya pili hujaribu kuwapanga watoto makundi makundi, wakubwa na wadogo pamoja, na mwenziwe hutazama tena. Hapana hotuba, wala hapana cheti. Lakini kazi hubadilika.

Lazima kuwe na uaminifu. Mambo yaliyosemwa kivulini yakipelekwa ofisini kumnyima mtu posho, kikundi kitakufa siku hiyo hiyo, na mwalimu mkuu mwenye akili hulilinda jambo hilo kuliko yote.

Vyombo vya kisasa vimesaidia pia. Mwaka 2013 Vodafone Foundation na UNHCR walianzisha Dadaab mpango wa kuzipa shule tableti, umeme na intaneti, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika. Na mwaka 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walimu wa Dadaab walisomesha kwa Radio Gargaar, redio ya huko huko. Mwalimu aliyezoea watoto kuitikia alijikuta mbele ya kipaza sauti kisichoitikia neno. Ilimlazimu kufikiri mapema ni wapi mtoto atakwama, na ni mfano gani utakaomtoa. Kwa kujifunza kuandaa somo, hapana chuo kikali kuliko hicho.

Hata hivyo tableti haijawa badala ya kitabu. Bwana Abdullahi Mire, aliyelelewa katika kambi za Dadaab na baadaye kuwa mwandishi wa habari, aliombwa na msichana mmoja wa shule amtafutie kitabu cha bayolojia, kwa kuwa kitabu hicho kiligawanywa na wanafunzi wengi mno. Tangu hapo akaanza kuomba vitabu kwa watu, na mpaka mwaka 2023, alipopewa Tuzo ya Nansen ya UNHCR, alikuwa amekwisha kuzifikishia kambi vitabu 100,000, na kufungua maktaba. Kazi yake yafaa kutajwa hapa kwa sababu mara nyingi mipango ya kuwaendeleza walimu husahau kwamba mwalimu aliyefundishwa vizuri, akiwa na kitabu kimoja kwa watoto 15, hutumia nusu ya saa akinakili ubaoni.

AKIONDOKA

Jambo lililo gumu kuliko yote ni kwamba mwalimu aliyestawi huondoka.

Wengine hupata makao katika Marekani, Kanada au Ulaya. Shirika la Kanada liitwalo WUSC, ambalo tangu mwaka 1978 huwapa wakimbizi nafasi za vyuo vikuu vya nchi hiyo, limewachukua vijana wengi wa Dadaab. Na kijana aliyeshinda vizuri mtihani wa sekondari aghalabu ndiye aliyekuwa akifundisha hesabu wakati akingoja jibu. Tangu mwisho wa mwaka 2014 makumi ya maelfu ya watu walirudi Somalia kwa mpango wa kurudi kwa hiari, na pamoja nao wakaenda walimu. Wengine huajiriwa na mashirika ya kambini, kwa kazi yenye malipo bora na kelele chache. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba itazifunga kambi za Dadaab, na ijapokuwa Mahakama Kuu ililikataza jambo hilo mwezi wa Februari 2017, katika miezi hiyo yote hapana mwalimu aliyeweza kupanga kazi ya mwaka mzima kwa moyo mtulivu.

Baadhi ya watu husema kwamba kumfundisha mwalimu wa namna hiyo ni kumwaga maji mchangani. Maneno hayo si ya haki. Mwalimu wa Hagadera afundishaye leo Kismayu au Toronto hakupotea; ila shule ya Hagadera imepotewa, na shule ndiyo inayopasa kujilinda. Nayo yaweza. Kama wilaya ina nafasi sita za mafunzo na shule sita, ni kawaida kumchukua mtu mmoja kila shule, ili pasiwe na manung’uniko. Ni afadhali kuwachukua wawili wawili kutoka shule tatu, na mwaka wa pili shule zilizobaki. Maana mtu mmoja arudipo peke yake na maarifa mapya huchekwa, na akiondoka huondoka nayo, bali wawili husaidiana, na mmoja akienda wa pili hubaki. Maandalio ya masomo yawekwe katika kabati la shule badala ya mfuko wa mwalimu. Mwalimu mgeni akae wiki mbili katika darasa la mwenziwe aliye stadi kabla ya kukabidhiwa watoto 100. Mambo haya hayahitaji fedha za nje. Yahitaji mwalimu mkuu anayeingia madarasani. Wakuu wengi wa shule, Hagadera na kwingineko, siku yao huliwa na ripoti za wafadhili na mikutano, hata hawalioni darasa tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

WALIMU WA KIKE

Walimu wa kike ni wachache mno. Wasichana wengi huacha shule kabla ya kidato cha nne, kwa ndoa au kwa kazi za nyumbani, na hivyo wanaoweza kuajiriwa ni haba. Uchache huo hujizaa wenyewe: baba asiyeona mwalimu wa kike shuleni huona taabu kumwacha binti yake aendelee, na binti asiyeendelea hawezi kuwa mwalimu. Mpango wa BHER uliwatafuta wanawake kwa makusudi, lakini mwanamke mwenye watoto, akitakiwa kutoka kambini kwenda mjini Dadaab kwa masomo na kurudi kabla ya jioni, ana kazi tatu kwa siku moja. Pale mafunzo yafanyikapo katika shule yake mwenyewe, mzigo hupungua sana. Hii ni sababu nyingine ya kuvithamini vikundi vile vya kivulini.

VYETI NA MSHAHARA

Limebaki jambo la cheti kutambuliwa. Mwezi wa Desemba 2017 nchi za IGAD, Kenya ikiwamo, zilikutana Jibuti na kuahidi kuwaingiza wakimbizi katika elimu ya taifa, na kuwatazama walimu wao katika mafunzo na malipo. Kenya ilipitisha sheria mpya ya wakimbizi mwaka 2021, inayofungua njia ya kufanya kazi zaidi kuliko ile ya kwanza. Tarehe 28 Machi 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kawaida, ambapo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule na hospitali zile zile. Mwaka huo huo fedha za misaada, hasa za Marekani, zilipungua kwa ghafula, na mashirika yakalazimika kupunguza kazi na watu.

Wakati huo huo mafunzo yenyewe yamegeuka. Mtihani wa KCPE, ambao mwalimu kijana wa Hagadera aliufanya na ambao alijua kuwaandalia wengine, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala mpya wamtaka mtoto afanye na aonyeshe kazi yake, na mwalimu ampime mwaka mzima. Wamtaka hasa mwalimu yule anayejua kila mtoto ameshika nini, na darasa la watoto 100 ni mahali pagumu pa kulitimiza hilo bila ya msaada wa mara kwa mara.

Sheria ya TSC ya mwaka 2012 husema kwamba hapana mtu atakayefundisha katika Kenya bila ya kuandikishwa na Tume hiyo. Hagadera wako watu waliofundisha miaka kumi na zaidi, wenye vyeti vya vyuo vikuu vya Kenya na vya Kanada, ambao walilipwa posho muda wote huo. Mpango wa Shirika ulipozinduliwa, swali la watu hao kuandikwa katika daftari lipi, na kwa mshahara upi, siku shule zao zitakapokabidhiwa Serikali, lilikuwa bado lingali mezani.